Dau la Pauni 500 Juu ya Umbo la Dunia

Katika mwezi wa Januari mwaka wa 1870 tangazo la ajabu lilitokea katika gazeti moja la elimu huko Uingereza. Bwana mmoja aitwaye John Hampden alitangaza kwamba yuko tayari kuweka dau la pauni 500, yaani shilingi 10,000 za wakati ule, na mtu ye yote atakayeweka kiasi hicho hicho. Sharti lilikuwa moja tu: mtu huyo aonyeshe wazi wazi, katika reli, mto, mfereji au ziwa lo lote, kwamba uso wa dunia umepinda. Akiweza kuonyesha, azichukue fedha zote. Asipoweza, fedha zake zimekwenda.

Bwana Hampden hakufanya mzaha. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba dunia ni bapa kama sinia, kwamba Maandiko Matakatifu yanafundisha hivyo, na kwamba wataalamu wasemao kuwa ni mviringo wanawadanganya watu. Habari za dau hilo na mambo yaliyolifuata zafaa kujulikana, kwa sababu si habari za watu wa kale wasiojua kusoma. Ni habari za nchi yenye reli, simu za waya na vyuo vikuu.

Watu wengi hudhani kwamba zamani ulimwengu mzima uliamini dunia ni bapa, mpaka Christopher Columbus alipovuka bahari mwaka wa 1492 akawafumbua watu macho. Hadithi hiyo imeingia hata katika vitabu vya shule, lakini si kweli. Iliyoieneza zaidi ni kalamu ya Washington Irving, mwandishi wa Marekani, katika kitabu chake juu ya maisha ya Columbus kilichotolewa mwaka wa 1828. Wataalamu waliobishana na Columbus walijua kama yeye kwamba dunia ni mviringo. Ubishi wao ulikuwa juu ya ukubwa wake. Columbus alisema ni ndogo, na kwamba Asia i karibu ukielekea magharibi. Wao walisema ni kubwa mno, na merikebu itaishiwa chakula na maji kabla ya kufika. Nao ndio waliokuwa na haki. Kilichomwokoa Columbus ni kwamba nchi ya Amerika ilikuwa njiani, jambo ambalo hakuna hata mmoja kati yao aliyelijua.

Elimu hiyo ilikuwa ya zamani sana. Zaidi ya miaka 300 kabla ya kuzaliwa kwa Kristo, Aristotle, Myunani, alikwisha kuandika kwamba mwezi ukipatwa, kivuli cha dunia kinachouangukia huwa na ukingo wa mviringo. Na kwamba mtu akisafiri kwenda kusini huziona nyota asizoziona kwao. Baada yake Eratosthenes, mtunzaji wa vitabu katika mji wa Alexandria huko Misri, alipima kivuli cha jua la adhuhuri. Alijua kwamba katika mji wa Syene, ulio kusini, jua la siku moja ya mwaka husimama utosini hata likamulika chini ya kisima. Siku ile ile katika Alexandria jua liliacha kivuli, na pembe ya kivuli hicho ilikuwa sehemu moja katika 50 za duara nzima. Basi akaupima umbali wa miji hiyo miwili, akauzidisha mara 50, akapata mzunguko wa dunia. Alifanya hayo yote bila kutoka Misri.

Waarabu nao hawakuikubali elimu hiyo kwa masikio tu. Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala Baghdad tangu mwaka wa 813 hata 833, aliwatuma wapimaji katika uwanda wa Sinjar. Walikwenda moja kwa moja wakipima ardhi, mpaka urefu wa nyota angani ulipobadilika kwa digrii moja, nao kwa njia hiyo wakaikadiria dunia nzima. Na katika Uingereza yenyewe, Bede, mtawa wa karne ya nane, aliandika kwamba dunia ni mviringo kama mpira.

Hii si kusema kwamba hawakuwapo waliokataa. Mashuhuri kati yao ni Cosmas, mfanya biashara wa Alexandria wa karne ya sita, aliyesafiri katika Bahari ya Sham na kufika Adulis, bandari ya ufalme wa Aksum. Baadaye aliandika kitabu akasema kwamba ulimwengu umefanywa kama sanduku lenye kifuniko, na dunia ni sakafu yake. Lakini kitabu chake hakikuwa na wafuasi wengi, na wasomi wa Kanisa hawakukifuata.

Kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki jambo lenyewe si geni. Mtu akisimama ufukoni Mombasa na kutazama jahazi linaloingia, huona kwanza foromali na tanga. Mwili wa chombo hutokea nyuma, kana kwamba unapanda mlima. Na nahodha atokaye Maskati na pepo za kaskazi huiona Nyota ya Kaskazini ikishuka usiku baada ya usiku, mpaka inazama kabisa. Mombasa i digrii 4 kusini ya mstari wa Ikweta, na nyota hiyo haionekani huko. Kama dunia ingekuwa bapa, nyota moja ingeonekana kutoka kila mahali.

Imekuwaje, basi, Mwingereza wa mwaka wa 1870 aweke pauni 500 juu ya neno lililokwisha kukataliwa zaidi ya miaka 2,000? Kisa chake chatokana na mfereji mmoja.

Katika mashariki ya Uingereza kuna nchi ya mabwawa iliyokaushwa ili ilimwe. Kazi kubwa ilifanywa katika karne ya 17, na mmojawapo wa mifereji iliyochimbwa wakati huo ni ule uitwao Old Bedford. Mahali pamoja huenda umenyoka maili 6 bila kona, na maji yake karibu hayatembei. Hapo ndipo mwaka wa 1838 kijana aitwaye Samuel Rowbotham alipoingia majini, akaweka jicho lake inchi 8 tu juu ya uso wa maji, akatazama kwa darubini mashua yenye bendera ikienda zake. Alisema kwamba aliiona safari yote ya maili 6.

Hesabu ya wapima ardhi ni hii: uso wa dunia hushuka inchi 8 katika maili ya kwanza, inchi 32 katika maili 2, na futi 6 katika maili 3, kwa maana maili huzidishwa kwa maili, kisha kwa inchi 8. Kwa hesabu hiyo bendera ile ilipasa kuwa imezama zaidi ya futi 10 chini ya upeo wa macho yake. Rowbotham akakata shauri kwamba hesabu ni uongo na dunia ni bapa. Akaandika vitabu kwa jina la Parallax, akazunguka miji ya Uingereza akihutubia watu kwa kiingilio, na ulimi wake ulikuwa mkali hata wasomi waliosimama kumpinga mara nyingi waliketi wakiwa wameaibika. Mafundisho hayo ndiyo yaliyomteka Hampden.

Mtu aliyelikubali dau hakuwa mtu mdogo. Alfred Russel Wallace alizaliwa mwaka wa 1823 katika nyumba ya watu wasio na fedha, akaacha shule akiwa na miaka 14, akajifunza kazi ya kupima ardhi. Baadaye alikaa miaka 4 katika misitu ya Amazon na miaka 8 katika visiwa vya Mashariki ya Mbali akikusanya ndege na wadudu, na ni yeye aliyemwandikia Charles Darwin barua mwaka wa 1858 akieleza, kwa kuwaza kwake mwenyewe, jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi baada ya kizazi. Lakini umashuhuri haukumpa mshahara. Mwaka wa 1870 alikuwa na mke na watoto, hana kazi ya kudumu, na pauni 500 zilikuwa fedha nyingi kwake. Hata hivyo hakukimbilia dau bila kuuliza. Alimwendea Sir Charles Lyell, mtaalamu mkuu wa elimu ya miamba, naye akamwambia kwamba huenda watu hao wakanyamaza wakionyeshwa jambo hilo kwa macho yao. Ushauri huo ulikuwa wa busara kwa mtu asiyemjua Hampden.

Fedha za pande zote mbili ziliwekwa mikononi mwa Bwana John Henry Walsh, mhariri wa gazeti la The Field. Mahali palipochaguliwa palikuwa pale pale pa Rowbotham, mfereji wa Old Bedford.

Wallace alijua alipokosea Rowbotham. Ukichovya fimbo katika maji huonekana imevunjika, kwa sababu nuru hupinda inapotoka katika kitu chepesi na kuingia katika kizito. Hewa nayo ni hivyo hivyo. Juu ya maji baridi hewa ya chini ni nzito kuliko hewa ya juu, na nuru ipitayo karibu na maji huinama na kuufuata mpindo wa dunia; kwa hiyo kitu kilichozama chini ya upeo huonekana kana kwamba kimeinuliwa. Ni ndugu wa yale mazigazi yanayomdanganya msafiri kwamba kuna maji mbele yake katika nchi kavu. Rowbotham hakusema uongo, huenda aliiona mashua. Ila aliweka jicho lake mahali pabaya kuliko pote.

Kwa sababu hiyo Wallace aliinua kila kitu juu. Darubini yake kubwa aliiweka juu ya ukingo wa daraja la Welney, futi 13 na inchi 3 juu ya maji. Katika daraja la pili, kama maili 6 kutoka hapo, alitundika kitambaa cheupe cha bafta, urefu wake futi 6 na upana wake futi 3, chenye mstari mnene mweusi katikati, na mstari huo ulikuwa juu ya maji sawasawa na darubini. Katikati ya njia alisimamisha mti mrefu wenye visahani viwili vyekundu. Cha juu kilikuwa na kimo kile kile cha darubini na mstari mweusi, na cha pili futi 4 chini yake.

Jambo hilo hata mtoto angelielewa. Vitu vitatu vina kimo kimoja juu ya maji. Maji yakiwa yamenyoka, kisahani cha juu kitaufunika mstari mweusi. Maji yakiwa yamepinda, kisahani cha katikati kitaonekana juu sana kuliko mstari, kama mtu aliyesimama juu ya kilima kati ya watu wawili waliosimama mabondeni. Kwa hesabu tofauti yapasa kuwa karibu futi 5 na nusu, au pungufu kidogo kwa ajili ya kupinda kwa nuru.

Siku ya tarehe 5 Machi, 1870, walitazama. Kwa upande wa Wallace mwamuzi alikuwa daktari mmoja wa karibu na hapo, Bwana Coulcher. Kwa upande wa Hampden alikuwa Bwana William Carpenter, mpiga chapa, ambaye yeye mwenyewe alikwisha kuandika kitabu cha kutetea dunia bapa. Kisahani kilionekana juu ya mstari mweusi, kama ilivyohesabiwa.

Carpenter akateta kwamba darubini ile haina pimamaji wala uzi wa kuonyesha mstari sawa. Ikaletwa darubini ndogo ya wapima ardhi, yenye vyote viwili. Katika hiyo kisahani cha katikati kilionekana chini ya uzi, na kitambaa cha mbali kikaonekana chini zaidi. Michoro ikachorwa ya mambo yaliyoonekana, na waamuzi wote wawili wakaitia sahihi kwamba ni ya kweli. Ndipo Carpenter alipotamka kwamba neno limethibitika: kitambaa kiko chini ya kisahani kama kisahani kilivyo chini ya uzi, basi vyote vimo katika mstari mmoja, na dunia ni bapa! Kwamba katika maji yaliyonyoka vyote vingekuwa juu ya uzi wenyewe, hilo hakulitaka kulisikia.

Na Hampden? Yeye alikuwapo, hatua chache kutoka penye darubini, lakini hakutazama. Alisema anamwamini Carpenter, na lililomtosha Carpenter lamtosha yeye. Katika kisa chote hiki hakuna jambo la kushangaza kuliko hilo. Mtu ameweka pauni 500, amesafiri mpaka kwenye mfereji katika baridi ya Machi, na hakuinama kuweka jicho lake penye kioo.

Bwana Walsh alizisoma taarifa za pande zote mbili, akatoa hukumu kwamba Wallace ameshinda, akaitangaza katika gazeti lake. Hampden akadai arudishiwe fedha zake. Walsh akakataa, akampa Wallace pauni zote.

Hapo taabu ya Wallace ilianza. Hampden alimwandikia barua za matusi akimwita mwizi na mwongo. Kisha akawaandikia wakuu wa vyama vya elimu ambavyo Wallace alikuwa mwanachama, na majirani zake, na wenye maduka aliokuwa akinunua kwao. Hata mkewe aliandikiwa barua, akaonywa kwamba huenda siku moja mumewe akaletwa nyumbani amebebwa, fuvu la kichwa limepondeka. Kwa barua hiyo Hampden alipelekwa mbele ya mahakimu, akaamriwa kuweka dhamana ya kukaa kwa amani, akakaa kizuizini juma moja mpaka wadhamini walipopatikana. Alipotoka aliendelea kuandika.

Mwaka wa 1871 Wallace alimshtaki kwa kumkashifu, na baraza likaamuru alipwe fidia ya pauni 600. Hakupata hata senti moja. Hampden alikuwa amekwisha kuihamisha mali yake kwa mkwe wake, na akajitangaza kuwa mufilisi. Wallace ndiye aliyebaki kuwalipa mawakili. Ikafuata kesi nyingine, na nyingine tena. Hampden aliomba msamaha magazetini, akavunja ahadi, akafungwa, akatoka, akaandika tena.

Hata dau lenyewe halikusalimika. Sheria ya Uingereza ya wakati ule ilisema kwamba mapatano ya dau hayana nguvu mbele ya jaji, na mwenye kuweka fedha aweza kuzidai kwa mshika dau kabla hazijatolewa. Hampden alikuwa amezidai mapema. Basi mwaka wa 1876, katika kesi ya Hampden na Walsh, mahakama kuu iliamua kwamba Hampden ana haki ya kurudishiwa fedha zake. Majaji hawakusema kwamba dunia ni bapa. Walisema kwamba sheria haiwasaidii wacheza dau. Wallace alikuwa ameahidi kwa maandishi kumlinda Walsh na hasara, kwa hiyo mzigo ulirudi mabegani mwake.

Wako wasomi waliomlaumu Wallace pia, wakasema haikumfaa mtu wa elimu kuweka fedha juu ya jambo lililokwisha kuamuliwa zamani. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ni rahisi kusemwa na mtu mwenye mshahara. Mwaka wa 1881, kwa juhudi za Darwin na rafiki zake, Serikali ilimpa Wallace malipo ya uzeeni ya pauni 200 kwa mwaka, na hofu ya umaskini ikapungua. Hampden hakunyamaza kabisa mpaka alipokufa mwaka wa 1891.

Mfereji haukupumzika. Mwaka wa 1901 Bwana Yule Oldham, mwalimu wa jiografia wa Cambridge, alikwenda huko na miti mitatu ya kimo kimoja, akapata jibu lile lile la Wallace. Miaka mitatu baadaye Lady Blount, bibi aliyeongoza chama cha watu wa dunia bapa, alimwajiri mpiga picha mwenye kamera ya kuvuta mbali. Kamera iliwekwa karibu na maji, kama jicho la Rowbotham, na kitambaa cheupe kilichoning'inizwa karibu na maji umbali wa maili 6 kikaonekana katika picha. Mpiga picha mwenyewe alistaajabu, na bibi huyo akaieneza picha hiyo kwa furaha. Si picha ya uongo. Yeyote atakayeinama kwenye maji yale siku ya hewa tulivu na baridi aweza kuona kama alivyoona yeye, na akipanda darajani na kupima tena ataona kama alivyoona Wallace.

Wallace alieleza kisa hiki chote katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka wa 1905, alipokuwa na miaka 82, akakihesabu kuwa jambo la kujutia kuliko yote yaliyompata. Alipiga hesabu ya kesi, mashtaka, mawakili, na gharama za kazi ya mfereji wenyewe, na jumla ikazidi pauni 500 alizoshinda. Miaka ya matusi, iliyokuwa kati ya 15 na 20, hakuitia katika hesabu ya fedha.